Herufi Tatu za Kavata

Kaburi la bibi yangu lilikaa na pengo miaka miwili na miezi minne. Limejengwa vizuri, simiti na vigae vyeupe, pale chini ya shamba letu Kalama, na Masila fundi aliandika jina kwa rangi nyeusi: MWALIMU KAVATA NZAU. Halafu koma. Baada ya koma hakuna kitu, ni kigae kitupu cha upana wa kiganja. Wageni wakija wanauliza kama rangi iliisha. Rangi haikuisha. Kilichoisha ni akili ya wakubwa wa Chuo Kikuu cha Mua, na nitaeleza.

Mimi naitwa Bartholomew Nzau. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkiona mahali nimeandika vibaya msinisumbue. Wale waliosoma mpaka mwisho mtawaona hapa chini wakifanya kazi.

Kavata, mke wangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akiwa na miaka arobaini na moja akajiandikisha kusomea digrii wakati wa likizo. Aprili, Agosti, Desemba, watoto wakifunga shule yeye anafungua yake. Anabeba godoro dogo na kopo la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, analala katika hosteli ambayo maji hutoka Jumanne tu. Miaka mitano hivyo. Mimi nililima peke yangu, nikapika peke yangu, na sikulalamika, au nililalamika kidogo. Alitaka kitu kimoja: herufi tatu nyuma ya jina lake, B.Ed.

"Hata kwa kaburi, Baba Ndanu," aliniambia siku moja akicheka, tunapukuchua mahindi. "Na usisahau koma."

Akamaliza masomo yote. Orodha ya mahafali ikabandikwa ukutani, jina lake halimo. Alama za somo moja, Historia ya Elimu, hazikuonekana. Akauliza idara, idara ikamtuma ofisi ya mitihani. Ofisi ya mitihani ikamtuma kwa mwalimu wa somo, ambaye alikuwa amehamia chuo kingine. Huyo akasema kwa simu kwamba karatasi aliziacha idarani. Kwa hivyo Kavata akarudi idarani. Miaka miwili alizunguka hapo, kila akipata ruhusa kazini, na viatu vyake vizuri vya kanisani vikaishia kwa hiyo barabara. Wakubwa walikuwa wakimwambia, "Mama, kuwa mvumilivu," halafu wanaenda chai ya saa nne mpaka saa sita.

Akaanguka darasani siku ya Alhamisi, chaki mkononi. Daktari aliandika ni presha. Mimi ningepewa hiyo kalamu ningeandika namba ya mlango wa ofisi.

Wakati wa kujenga kaburi nilimwambia Masila aandike B.Ed. Mzee wa kanisa akakataa. Akasema hatuwezi kuandika kwa kaburi kitu ambacho chuo chenyewe hakijakubali, Mungu anasoma. Tukabishana mpaka simiti ikaanza kukauka. Mwishowe tukakubaliana: koma iwekwe, halafu nafasi iachwe.

"Ukipata karatasi, niite," Masila alisema akiosha brashi. "Hiyo koma ikififia nitaipitisha tena bure."

Simu ya Kavata ndiyo niko nayo, maana yangu iliingia maji. Mwaka huu ujumbe ukaingia. Ulitoka Ofisi ya Wahitimu na Maendeleo, yaani ile ofisi inayotafuta watu waliosoma chuoni zamani ili wakumbuke kukipenda. Ulisema: "Mpendwa mhitimu Kavata, tumekukosa. Uko wapi sasa? Jibu 1 kama umeajiriwa. 2 kama umejiajiri. 3 kama unatafuta kazi. 4 kama uko ng'ambo."

Mpendwa mhitimu. Miaka miwili alisimama kwa mlango wao akiomba kuwa mhitimu wakamkatalia, leo amezikwa ndiyo amekuwa mpendwa.

Nikaandika: "Amekufa." Simu ikajibu: "Jibu si sahihi. Tafadhali chagua 1 hadi 4."

Nikaandika tena: "Kavata alikufa." Jibu si sahihi. Nikaandika mara ya tatu, na jina la kijiji, na siku ya mazishi. Jibu si sahihi, tafadhali chagua.

Sasa ungekuwa wewe ungechagua gani? Kuajiriwa hapana. Kazi hatafuti. Nikabonyeza 4, kwa hasira, sababu hiyo peke yake ilisema hayuko hapa. Simu ikasema: "Hongera, Kavata. Chuo kinajivunia wewe."

Haikupita saa moja mtu akapiga.

"Naongea na Bi Kavata Nzau?"

"Unaongea na bwana yake."

"Ooh, mzee wetu, shikamoo. Mimi ni Onesmus Ndunda, mkurugenzi wa Wahitimu na Maendeleo. Mama yuko nchi gani?"

"Mbali."

"Amerika? Australia?"

"Hakuniambia jina la mahali."

Akacheka. "Wamama wa siku hizi. Tunaweza kumpata kwa simu?"

"Hapatikani."

"Ni masaa hayo. Labda huko saa hii wamelala."

"Wamelala," nikasema.

Mimi ni Mkristo, na nataka ijulikane kwamba katika hayo mazungumzo sikusema uongo hata mmoja. Nilikuwa nataka kueleza habari yote, lakini huyu Ndunda alikuwa mtu wa kuuliza swali na kujijibu, na katikati akaniambia jambo lililonifunga mdomo. Alisema chuo kinajenga Lango la Wahitimu, na siku ya kulifungua watawatuza wahitimu watano walioko ng'ambo. Walikuwa wamepata wanne. Kavata ndiye wa tano.

"Hawezi kutuzwa," nikamwambia. "Hata cheti hamkumpa."

"Cheti gani?"

"Alama za somo moja zilipotea. Historia ya Elimu."

Nikasikia kiti kikilia.

"Mzee, hiyo haiwezekani," Ndunda akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeona mgeni wa harusi akiondoka. "Mtu wa ng'ambo akose cheti? Nipe siku chache."

Hapo ndipo nikanyamaza kabisa. Nilijua nikisema neno moja tu, Kavata atarudi kuwa mama wa Kalama, na mama wa Kalama alipewa miaka miwili na hakupata kitu.

Ilichukua siku tisa. Msichana wa ofisi ya mitihani anaitwa Mwelu alinipigia kusema alama ziko, sabini na moja, hiyo ni A. Nikamuuliza zilikuwa wapi.

"Ndani ya katoni, baba."

"Na katoni ilikuwa wapi?"

Ni mtoto mzuri, hana cheo bado. "Ndiyo tulikuwa tunazuilia mlango usijifunge na upepo."

Nilikaa chini kwa gunia la mbaazi. Miaka miwili bibi yangu aliingia mlango huo na kutoka. Kila mara aliinua mguu akaruka ile katoni, akaenda mezani kuuliza karatasi yake iko wapi.

Siku ya sherehe nikavaa koti la mazishi, sina lingine. Chuoni kulikuwa na mahema meupe, viti vimevalishwa nguo, na bendi ya shule. Lango lenyewe sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nguzo nne za mawe, juu tai wawili wa simiti, na utepe mwekundu. Ukuta hakuna. Lango limesimama peke yake katikati ya nyasi, limefungwa kwa kufuli mpaka mgeni rasmi aje alifungue, na mbuzi wa majirani wanapita pembeni wakienda zao.

Kwa kila kiti waliweka jarida la chuo. Nikafungua ukurasa wa sita, nikamkuta Kavata. Picha ilikuwa ile ya kitambulisho cha mwanafunzi, amevaa sweta yake ya kahawia, lakini nyuma yake walikuwa wamepachika maghorofa marefu na theluji. Chini wakaandika maneno na kusema ni yake: "Chuo hiki kilinifungulia mlango."

Munyiva, mwalimu mwenzake waliyelala naye chumba kimoja hosteli, alikuja akakaa karibu yangu. Ndiye aliongoza nyimbo siku ya mazishi. Alikuwa amelifungua jarida ukurasa huo huo.

"Baba Ndanu, hawa watu wanajua?"

"Hawajauliza. Wameuliza nchi tu."

"Na hii theluji?"

"Ni yao. Mimi sikupeleka theluji."

Akafunga jarida, akatazama mbele kama mtu yuko kanisani. "Cheti umepewa?"

"Wanatoa pale mbele."

"Basi shika karatasi kwanza. Uongee baadaye."

Profesa mwenye chuo akahutubia dakika hamsini. Alisema maendeleo mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, na kila akisema anaonyesha lango. Wanafunzi walikuwa wamesimama nyuma na madumu, maana haikuwa Jumanne. Halafu mshereheshaji akaita jina la bibi yangu, akasema mwenyewe amebanwa na kazi nyingi ughaibuni, bwana yake atapokea.

Nikaenda. Profesa akanipa bahasha ya kaki, mkono wake laini kama wa mtoto. Nikaitoa karatasi hapo hapo. Jina lake, muhuri mwekundu, Shahada ya Elimu. Nikaiweka ndani ya koti, upande wa ndani, nikafunga vifungo vyote vitatu. Nilitaka kwenda kukaa. Lakini mshereheshaji alinishika bega.

"Mzee wetu, usiende bado. Tuambie mama ametuma salamu gani. Na lango hili atalisaidia vipi? Mpigieni makofi mama aliyetuacha hapa kwa vumbi akaenda kutafuta maisha mazuri."

Wakapiga makofi. Nikamtazama Munyiva, ambaye hakupiga, na nikaona ile sweta ya kahawia kwa kila kiti. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu.

"Kavata hakutuma salamu," nikasema. "Kavata yuko Kalama. Tulimzika mwaka juzi mwezi wa pili. Alikufa akitafuta hii karatasi, na hii karatasi ilikuwa inazuia mlango wenu."

Watu wengine waliendelea kupiga makofi kidogo, walikuwa wamezoea. Halafu yakaisha. Profesa alibaki na tabasamu sababu mpiga picha alikuwa bado amepiga goti.

Mshereheshaji ndiye aliyepona haraka. "Basi tusimame dakika moja kwa heshima ya marehemu," akasema, "na tukiwa tumesimama hivyo hivyo, tufikirie mchango wetu kwa lango."

Wakati wamesimama Ndunda akanijia, jasho limemtoka hadi kwa tai ya shingoni.

"Mzee, ulituambia yuko ng'ambo."

"Simu yenu haikuwa na namba yake."

"Si ungeandika tu."

"Niliandika mara tatu. Ikaniambia jibu si sahihi."

Akatazama huku na huku, akapunguza sauti. "Sikiliza. Cheti cha marehemu kina utaratibu wake. Barua ya chifu, cheti cha kifo, halafu ipelekwe kwa Seneti. Si ya kupewa hivi. Nirudishie, tutakufanyia haraka."

"Haraka gani? Ile ya siku tisa ama ile ya miaka miwili?"

"Mzee, usinifanyie hivi mbele ya mgeni rasmi."

"Alama ni zake?"

"Ni zake."

"Jina ni lake?"

"Ni lake, lakini mwenyewe hayuko."

"Basi mje Kalama mumnyang'anye mwenyewe," nikamwambia. "Nyumba ya kwanza baada ya kisima. Mzee wa kanisa atawafungulia na sala."

Dakika ya kimya ilikuwa imeisha, watu wanakaa, viti vinalia. Nikaenda kutoka. Lango lilikuwa bado na kufuli na utepe, na askari akaniambia haliguswi mpaka saa saba. Kwa hivyo nikapita pembeni, kwa njia ya mbuzi, na koti langu la vifungo vitatu. Hakuna aliyenifuata. Nadhani hakukuwa na utaratibu wa kufuata.

Masila alikuja kesho yake asubuhi na kopo la rangi. Mzee wa kanisa naye alikuja, bila kuitwa. Aliisoma ile karatasi mbele na nyuma, akaishika kwa jua aone muhuri, akauliza alama. Nikamwambia sabini na moja.

"Hiyo ni A," akasema, akavua kofia.

Masila akiwa amepiga magoti simu ikaita kidogo ndani ya mfuko wangu. Ilikuwa ile ofisi. "Mpendwa mhitimu Kavata, tumeboresha huduma. Uko wapi sasa?" Halafu namba zile nne, na chini wameongeza: "5 kama umefariki."

Nikabonyeza 5. Ikajibu: "Hongera, Kavata. Chuo kinajivunia wewe. Bonyeza 1 kuchangia lango."

Nilimsomea Masila. Hakucheka, alikuwa kwa E, na E yataka mkono uliotulia. Alipomaliza zote tatu akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, akainama tena na kuipitisha koma rangi, maana ilikuwa imefifia.

"Hiyo sikuhesabii," akasema.

Tukasimama hapo tukifukuza kuku mpaka ikauke.