Jonasi wa Kwenye Filamu

Revocatus hakujua Kiswidi hata cha kuombea maji. Lakini pale Ulyankulu, ndani ya banda lake la video, nani angemuuliza? Filamu ilikuwa mpya, ya kusisimua, imetoka mtandaoni juzijuzi, na chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Kiingereza cha kubabaisha alikuwa nacho. Palipomshinda alijaza mwenyewe kwenye maiki, na watu walimpendea hapo hapo.

Utamu wa tafsiri yake ulikuwa majina. Wazungu wa kwenye filamu aliwabatiza majina ya watu wa pale pale. Mpelelezi wa kike akawa Katarina wa mgahawani, mkuu wa polisi akawa Masanja fundi baiskeli, na wenyewe wakiwamo bandani walicheka mpaka machozi. Basi Jumapili moja, baada ya misa, akatokea kwenye filamu mzee anayeishi peke yake msituni, kwenye theluji, hana maneno mengi, shoka begani. Binti wa kijiji amepotea. Ulimi ukamwasha Revocatus. "Na huyu," akasema, "ni Jonasi!"

Banda lote likaangua kicheko. Mzee Jonasi wa kweli alikuwa mrina asali, mjane, wazazi wake walitoka Burundi, na aliishi ukingoni mwa pori na mizinga yake. Mambo ya filamu hakuwa na habari nayo. Lakini mbao za mabenchi waliyokalia alizitoa yeye, tena bure, Revocatus alipokuwa anaanza.

Mpelelezi akafungua stoo ya yule mzee, akakuta kofia ya binti. Hapo hapo umeme ukakatika. Kelele zake! Haukukawia kurudi, watu wakiwa bado mlangoni. Revocatus alikuwa ameshaitazama filamu yote nyumbani. Alijua mzee ndiye aliyemficha binti asiuawe. Ila akilini alishaliona banda limejaa tena. "Mwisho wake Jumapili ijayo!" akatangaza. Tamaa hiyo, jamani.

Katikati ya wiki shangazi yake, Dafrosa, alirudisha dumu la asali alilonunua kwa mzee Jonasi.

"Mtu mwenyewe haeleweki," alisema. "Unajua anafanya nini huko porini?"

"Shangazi, ile ni filamu!"

"Najua ni filamu, kwani mimi mtoto? Lakini jina lile hukumpa bure."

Watoto nao wakakatazwa kuokota kuni upande ule. Siku iliyofuata Revocatus akakutana na mzee njiani, anasukuma baiskeli, madumu yote ya asali bado yamejaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi watu wana nini na mimi?"

"Sijui, mzee," alijibu, na uso ukamwaka kwa aibu mpaka alipofika kwake.

Jumapili Jonasi akaja bandani, shati limepigwa pasi. Alikuwa ameshasimuliwa. Akakaa benchi la mbele, na waliokuwa hapo wakahamia nyuma. Revocatus alitafsiri huku anatamani ardhi immeze. Mwishowe yule mzee wa kwenye filamu akatoka msituni amembeba binti, mzima. Watu wakapiga makofi: "Jonasi! Jonasi!" Revocatus akashusha pumzi. Alidhani yameisha.

Mzee Jonasi akasimama, kofia mkononi. "Mswidi umemsafisha," alisema taratibu. "Na mimi?"

Revocatus akaweka maiki chini. "Jamani, jina nililipachika mimi. Mzee huyu hana kosa lolote. Mwisho niliujua tangu siku ile, nikawaficha ili mrudi. Hata yeye aliponiuliza, nilimdanganya." Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Masanja akapiga makofi. "Eeh, Revo! Leo mpaka analia kabisa!"

Banda zima likacheka. Walidhani bado anatafsiri. Mzee Jonasi akavaa kofia, akapita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na alipomfikia Dafrosa, Dafrosa akavuta kanga yake asiguswe.