Nyumba ya Koki Iliyoushinda Moto

Moto ule wa mlimani, waliouona husema ulivuka mto bila kulowa miguu. Ulianzia juu kwenye msitu uliokauka kwa kiangazi cha themanini na nne, ukateremka ukila nyasi, ua, ghala na mbuzi. Nyani walitimka mpaka uwanja wa kanisa, wakaketi bega kwa bega na mbwa kama washirika waliochelewa ibada. Hayo ya nyani, asiyetaka asiamini. Lakini nyumba ya Koki, ya udongo na paa la nyasi, ilikwisha kabla hajamaliza kuita jina la jirani, na hilo ni kweli tupu. Alitoka na leso aliyojifunga na kibuyu, na hata kibuyu chenyewe kilikuwa na ufa.

Akapanda basi kuja Nairobi kwa mwanawe Matheka, dereva wa lori aliyepanga chumba kimoja Shauri Moyo. Humo Matheka, mkewe na watoto walilala kama njiti ndani ya kiberiti. Koki alipata mahali pa kuweka kichwa. Miguu ikalala chini ya meza.

"Sikai," alisema. "Nikipata mabati tu, narudi kabla mvua haijanyesha. Nani atanipandia?"

Na mabati yalikuwepo. Kanisani alisikia tangazo: chama cha Wakamba wa Eastlands kilikuwa kimefanya harambee, na kila boma lililoungua lingepewa pesa za kuezeka. Ila mwenye hasara aje mwenyewe, aseme kwa kinywa chake, maana pesa za matanga ya mwisho zilipitia baa, zikafika kwa wafiwa zimelewa.

Matheka hakufurahi. "Mwaitu," alisema, kwa lile jina ambalo kwao humwita mama, "ule ni mkutano wa wazee wa suti. Utachoka bure."

"Nimekimbia moto kwa miguu yangu, leo nichoke kwa kuketi?"

Jumapili wakaenda Buruburu, kwa mwenyekiti Ndambuki, karani mkubwa wa serikali. Wanaume waliketi sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, wanawake jikoni. Koki aliwekwa kando ya Kanyiva, mjane kijana wa upande wa pili wa mlima, mtoto mgongoni, mwingine mkubwa kando yake, mkono umefungwa bandeji.

"Kumbe wewe ndiye mama Matheka!" Mke wa mwenyekiti alimkumbatia mpaka chai ikamwagika. "Nyumba yako tumeisikia sisi! Matofali, vyumba vinne, tangi la maji! Mimi humwambia mume wangu, ona wenzako wanavyowajengea mama zao. Wewe yako ni kununua redio tu!"

Wanawake wakacheka. Koki akaitazama chai yake. Tangu Matheka apate kazi, kila Krismasi ilikuwa "mwakani, mwaitu." Hakumlaumu, karo za watoto hazina huruma. Lakini hakujua kwamba huku mjini nyumba ilikuwa imekwishajengwa. Na nani angebisha? Kwao Koki ni ng'ambo ya mto, mwisho wa barabara. Hakuna mtu wa Buruburu aliyewahi kufika huko kuchafua viatu.

Wakaitwa sebuleni. Kanyiva akasema yake, akaandikiwa. Kisha Ndambuki akageuka.

"Mama Matheka, pole sana. Sasa, kijana wako alituambia nyumba yako ni ya matofali. Je, moto uliipata?"

Koki alimtazama mwanawe. Alikuwa amesimama mlangoni ndani ya koti la kuazima, jasho likimtoka. Neno moja lingetosha. Koki akamngojea, kama alivyomngojea zamani akijifunza kutembea, mikono wazi. Matheka akainamia viatu vyake.

Basi Koki akakohoa, akaikaza leso yake.

"Moto ulikuja, wazee wangu. Ulifika mlangoni ukabisha hodi. Nikauliza, nani? Ukasema, mimi moto. Nikauambia, zunguka kwanza, uone aliyejenga hapa ni nani. Ukazunguka. Ukagusa saruji, ukaungua vidole! Ukasema, samahani mama, nimepotea njia."

Sebule ililipuka kwa kicheko. Watu walipiga makofi, mmoja akafuta machozi kwa kitambaa cha kochi.

"Hiyo ndiyo faida ya kujenga!" Ndambuki alisema. "Vijana, mwigeni Matheka. Basi fungu la mama ligawiwe wengine. Na mama, kwa kuwa vyumba ni vinne, Kanyiva na watoto wake wakae kwako hadi aezeke. Au vipi?"

Kabla Koki hajajibu, Kanyiva alikuwa amepiga magoti mbele yake, akaushika mkono wake. "Mungu akubariki, mama. Tutakuja kesho. Watoto wangu hawana kelele, hutajua hata kama wapo."

Hapo tabasamu lilimvunjikia Koki usoni. Wazee wa suti angeweza kuwadanganya mpaka jua lizame. Lakini kichwa kilichokuwa mbele yake kilinuka moshi uleule wa nywele zake. Akainama kama anayebariki.

"Usije, mwanangu," alinong'ona. "Kule hakuna kitu. Ni majivu. Nenda ukaezeke kwako. Ukishaezeka, uniachie kona nilaze mgongo."

Kanyiva aliinua macho. Akamtazama Matheka, aliyekuwa akipewa mikono na wanaume, akafungua kinywa. Koki akambana vidole.

"Nyamaza. Ni mtoto wangu."

Nje, Matheka alimkimbilia mamake getini, akitoka na Kanyiva na watoto. Uso ulikuwa umelowa, na koti la watu limempanda mabegani.

"Mwaitu, mwakani, haki ya Mungu, mwakani..."

"Umekula?"

"Nini?"

"Ndani kuna mkate. Rudi ukale, watakutafuta." Alimrekebishia kola, akamshika mkono mtoto mkubwa wa Kanyiva, wakashika njia ya kituo cha mabasi, na hakugeuka nyuma.