Mfuko Uliotega Kitendawili

Asubuhi, kabla wageni wa boti za mpira hawajafika mtoni, mjane alikuwa dukani akipima mifuko isiyoingiza maji. Kazi yenyewe si ngumu. Unaupunga mfuko hewani ushibe upepo, unakunja mdomo wake mara tatu, unabana kibanio, kisha unaulalia kwa kifua na kutega sikio. Mfuko mzima hunyamaza. Mbovu hupiga mluzi.

Mfuko wa rangi ya machungwa haukupiga mluzi. Ulisema, "Kitendawili."

"Tega," akajibu mjane. Sauti aliijua. Ilikuwa ya marehemu mumewe, muongozaji wa boti, na pumzi ilinuka vitunguu vilevile.

"Nimekunja mara tatu, maji yakaingia. Yamepita wapi?"

Mjane akatazama ukutani. Bosi alikuwa amebandika tangazo tangu wiki ya msiba: KUNJA MARA TATU. MWENZETU ALIKUNJA MARA MOJA. Jaketi za kuelea zilikuwa za wageni tu. Muongozaji alipewa mfuko uliojaa upepo, aukumbatie boti ikipinduka. Wa mumewe, huuhuu wa machungwa, ulijaa maji ukamvuta chini. Mama mkwe siku hizi alizunguka nyuma ya maduka ili asilione tangazo. "Mwanangu mzembe?" alikuwa akisema. "Yule aliyekunja hata soksi?" Mjane hakutaka kingine duniani ila karatasi ile itoke.

Akamwita Bosi. Bosi akaja na kikombe chake cha chai, akavuta kiti.

"Habari za huko?" akauuliza mfuko.

"Maji tu. Kitendawili."

"Tega."

Mfuko ukarudia kitendawili chake. Bosi akapuliza chai. Mifuko ya duka lake yote ilikuwa ya bei poa, imeshonwa kwa sindano badala ya kuunganishwa kwa moto, na maji hayahitaji mlango mkubwa kuliko tundu la sindano.

"Nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji."

"Upi?"

"Chukua ule wa ng'ambo ya mto."

Mfuko ukavimba upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayekagua nyumba aliyopangishwa. "Nimeuchukua, nimekula, nimelala. Jibu ni mshono. Nilikuonyesha asubuhi ile, ukasema ama nishuke nao mtoni ama nirudi nyumbani bila kazi."

"Kweli, nilisema," Bosi akakubali.

"Basi toa tangazo, Bosi," mjane akasema.

"Mama, tangazo ni la usalama. Tangu nilibandike watu wanakunja vizuri sana. Wewe utie kiraka huo mfuko, shemeji yako anashuka nao leo."

Shemeji, mdogo wake marehemu, akaingia akipiga miayo. Akauinamia mfuko. "Kaka! Uliondoka na viatu vyangu."

"Ninavyo. Vimelowa."

"Si nilijua! Na vilikuwa vipya."

Mjane akashika gundi. Akiziba, mumewe atanyamaza, na tangazo halitakuwa na wa kulipinga. Asipoziba, shemeji ataukumbatia mfuko uleule, na mama mkwe alibakiwa na huyo mmoja tu.

"Baba watoto," akasema, "una neno kwa mama?"

"Mwambie nilikunja."

"Haya."

"Ziba basi. Gundi inataka muda ikauke."

Akaziba. Ilipokauka akaupunga mfuko, akakunja mara tatu, akabana, akaulalia kwa kifua. Kimya. Akaendelea kuulalia, kuliko kazi inavyodai.

"Mzima?" Bosi akauliza.

"Mzima."

Shemeji akautupia begani, akapita chini ya tangazo, akateremka mtoni bila jaketi, akiimba. Kiraka kilikuwa kimefunika tundu moja. Mshono uliuzunguka mfuko wote.