Chuma cha Kwao Sunaina

Hakuna pikipiki duniani inayoweza kunificha ugonjwa wake. Nipe bisibisi na dakika mbili tu, nitakwambia inaumwa wapi na ilianza lini. Kijiji kizima cha Karamtola kinalijua hilo, na asiyelijua nimeshamwambia mwenyewe.

Asubuhi hiyo kaka yangu Umakant alifunga madebe ya maziwa ya nyati ubavuni mwa pikipiki, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Nikaweka chai yangu chini, nikafungua plagi, nikaisugua kwa msasa, nikaipuliza, nikairudisha. Kimya. Nikasafisha kabureta. Nikakung'uta chujio la hewa. Mwisho nikailaza ubavu kama mtu anayesaidiwa kutapika, maana kwetu hiyo ndiyo dawa ya mwisho. Barabarani gari la kukusanya maziwa likapiga honi, likapita. Siku hiyo tulikula mtindi, na kesho yake tukala mtindi wa jana.

Pikipiki hiyo iliingia nyumbani siku ileile na shemeji yangu Sunaina, mke wa Umakant. Kwetu baba wa binti ndiye anayetoa mahari, na mama alikuwa ameitaja pikipiki kabla hajauliza jina la bibi harusi. Asubuhi nyingine iliwaka kwa kiki moja. Asubuhi nyingine iligoma kama punda. Ikigoma tuliisukuma hadi njia panda kwa Fundi Aftab, tukafika jasho linatutiririka na jua limeshapanda. Fundi alipiga kiki moja, ikanguruma.

"Lallan," akasema, "unaniletea mgonjwa au mgeni wa kunisalimia?"

"Nyumbani haiwaki, Fundi. Naapa kwa nyati wetu."

"Basi ugonjwa uko nyumbani. Acha kugusa kila kitu kwa pamoja kama kuku kwenye mchele. Badilisha kimoja, piga kiki, tazama. Halafu kingine."

Mama hakuwa na subira ya kimoja kimoja. Jioni moja alisukuma bakuli la mtindi, akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Sikukuu ya Tij ikipita, yeye na chuma cha kwao warudi kwa baba yake. Walitubambikia wagonjwa wawili."

Sunaina alikuwa nyuma ya pazia anasukuma chapati. Kwao kulikuwa na wadogo zake wawili ambao hawajaolewa, na dada akirudishwa na pikipiki yake, hakuna atakayewabishia hodi tena. Akazidi kusukuma chapati.

Kesho yake pikipiki iligoma tena. Nikaingia jikoni kutafuta kitambaa, Sunaina akanitania kutoka ndani ya ushungi wake.

"Tabibu wa vyuma, leo unaitoa nini? Figo?"

"Shemeji, nyamaza, nafikiri."

"Ndiyo maana nasikia harufu ya kuungua."

Nikachukua chapati ya moto kwenye rundo lililowekewa wanaume, nikamtia mdomoni ili anyamaze. Akacheka, akatafuna, akameza. Huko nje pikipiki ikawaka.

Umakant akaondoka na maziwa. Mimi na Sunaina tukabaki tukitazamana. Nyumbani kwetu baba hula kwanza, anafuata Umakant, kisha mimi, kisha mama, na Sunaina hula kilichobaki, jua likiwa limeshapanda. Nikamuuliza kuhusu zile asubuhi ambazo pikipiki iliwaka bila taabu. Akakiri kwamba ni zile alizodokoa chapati iliyoungua.

Tukafanya kama Fundi alivyosema, kitu kimoja kimoja. Kila siku kabla ya maziwa kuondoka nilimpitishia kitu chini ya pazia. Chapati nzima ilimpeleka Umakant kwenye gari la maziwa na kumrudisha. Nusu chapati ilizimikia njiani, penye tanuri la matofali. Chapati yenye samli ilipanda tuta la mto bila kubadili gia. Achari tupu ililipua moshi mweusi na kumkohoza mbuzi wa jirani. Petroli ilihitajika vilevile, kiasi kilekile.

Nikampelekea mama matokeo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua dengu. Hakunibishia hata neno.

"Kwa hiyo inataka ale kabla ya wanaume."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimekula wa mwisho tangu niingie nyumba hii, na baiskeli ya baba yenu haikuwahi kulalamika. Hiyo pikipiki imelelewa vibaya huko kwao. Tij ikipita, inarudi. Na yeye anarudi."

Tangu hapo mama akakaa jikoni yeye mwenyewe, akihesabu chapati kwa macho. Umakant akabeba madebe kwenye mzega begani, naye gari la maziwa likampita akiwa nusu ya njia.

Ikafika Tij. Siku hiyo wake wote wa kijiji hawali, wala maji hawanywi, hadi kesho yake alfajiri, ili waume wao waishi miaka mingi. Sunaina alivaa sari nyekundu, akapaka hina, akakaa midomo ikikauka. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limeegemea gurudumu la pikipiki.

Alasiri Umakant alitia mkono kwenye lundo la majani ya nyati, akautoa na alama mbili za meno. Nyoka akaondoka zake polepole, hana haraka. Umakant akasema anaona nyati wawili pale alipo mmoja, kisha akakaa chini.

Tukambeba hadi kwenye pikipiki. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, ingawa sote tulijua. Majirani walishajaa uani na hakuna aliyesema angalia plagi.

Mama akamgeukia Sunaina.

"Mama, nikila nimevunja mfungo," Sunaina akasema. "Na mfungo ni wa uhai wake."

"Najua ni wa uhai wa nani. Nilimzaa mimi."

Mama, ambaye naye alikuwa amefunga kwa ajili ya baba, akaingia jikoni. Akatoka na chapati za wanaume, zote. Moja akaichovya kwenye samli, akainua ushungi wa Sunaina mbele ya watu na kumlisha kwa mkono wake.

"Tafuna vizuri. Ukipaliwa, hatuna pikipiki nyingine."

Zilizobaki akazifunga kwenye pindo la sari ya Sunaina. Sunaina akameza, na pikipiki ikawaka kabla sijainua mguu.

Mimi mbele, Umakant katikati, Sunaina nyuma kamkumbatia mumewe asidondoke. Tukatoka kama tumerushwa. Ushungi ulimvuka Sunaina kichwani pale kisimani, na hakuugeukia. Kwenye tuta kulikuwa na kundi la nyati limeziba njia, mchungaji anavuta tumbaku.

"We! Ondoa wanyama wako!" Sunaina akapaza sauti, yeye ambaye hakuna mwanamume wa Karamtola aliyewahi kumsikia akifoka. "Nimebeba mume, sijabeba viazi!"

Nyati wakaruka mtoni, na mchungaji akawafuata.

Penye tanuri la matofali pikipiki ikaanza kukohoa.

"Tafuna, shemeji!"

"Natafuna! Wewe tazama barabara!"

Akatafuna, ikakazana. Chapati ya mwisho ilimezwa kwenye lango la hospitali ya mji wa Siwan, na hapo ndipo pikipiki ilipozima, kwa heshima, bila kuguswa. Umakant akadungwa sindano, akatundikiwa maji. Asubuhi akafumbua macho, akauliza nani amekamua nyati.

Kurudi kupeleka habari, Sunaina alikunywa chai na kula sambusa za hospitalini, kisha akashika usukani. Alisema anayeilisha ndiye wa kuiendesha. Mimi nilikaa nyuma, si kwa woga, mikono ilikuwa imechoka. Wanawake wa Karamtola, midomo bado imepauka kwa mfungo wa jana, walisimama barabarani na kupiga vigelegele mpaka mbwa wakajificha. Uani Sunaina alizunguka mara mbili bila sababu yoyote, kichwa wazi, ndipo akasimama. Mama akalichukua lile begi, akalifungua na kuzirudisha sari kabatini, moja moja.

Tangu hapo Sunaina hula wa kwanza, chapati ya moto yenye samli, amekaa kwenye kigoda kama jaji. Gari la maziwa halijatupita tena. Mashavu yamemjaa, na pikipiki siku hizi inapanda tuta na watu wanne. Mama huita jambo hilo sevisi. "Umeshaifanyia sevisi?" huniuliza, nami hupeleka sahani. Jumapili, ambapo gari la maziwa haliji, Sunaina hula wa mwisho kama zamani. Kwa majirani pia ni kama zamani, maana wao wana baiskeli.

Mwezi uliopita walikuja watu kunitaka nimwoe binti yao. Mama aliwapa chai, akataja pikipiki kabla hajauliza jina la binti. Ila safari hii alitaka ya kuwasha kwa kitufe, mpya kabisa, isiyoulizia mambo ya jikoni.

Mimi, kama mnavyonijua, nilisimama palepale mbele ya wazee nikakataa katakata. Nikawaambia, baada ya yote niliyoyaona kwa macho haya, nitaoa bila kupokea hata kengele ya baiskeli.

"Shemeji," akasema Sunaina kutoka mlangoni, shavu moja limejaa chapati, "mbona hujawaambia rangi ya pikipiki uliyochagua?"