Shavu la Baba

Fundi cherehani mstaafu alipoanza kusahau majina ya wanawe, mkamwana wake ndiye aliyemwogesha, kumlisha na kumsafisha meno. Kisha mzee akaanza kukataa chakula. Binti yake mkubwa alipokuja kumjulia hali, mzee alimvuta karibu, akamnong'oneza: "Yule mwanamke ananipiga mdomoni."

Binti akaangalia. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba. Alimuuliza wifi yake, akajibiwa kwamba siku hizi mzee hashikiki, ukimkaribia na mswaki anapiga kelele. Kwamba amemwomba mumewe wampeleke hospitali, naye akasema ni uzee tu. Ana maneno matamu huyu, binti alijisemea. Kikulacho ki nguoni mwako. Akatangaza kuwa atakaa siku chache. Kuanzia hapo aliionja supu ya baba yake kabla hajainywa, na wifi akipita na beseni, alimsindikiza kwa macho.

Asubuhi moja alijibanza nyuma ya mlango wa bafu, uliokuwa umeegeshwa tu. Alimwona wifi yake amemshika mzee kidevu, mswaki mkononi. Mzee akagutuka, akamsukuma, akaangua kilio kama mtoto. Binti akaingia, akaupokonya mswaki.

"Kumbe ni kweli."

Wifi hakubishana. Alijifuta povu begani. "Haya, dada. Msafishe wewe."

Binti akamkalisha baba yake dirishani penye mwanga, akambembeleza mpaka akafungua kinywa. Harufu ikamrudisha nyuma. Kwenye ufizi, kando ya gego lililooza, palikuwa na jipu limeiva. Aligusa kidogo tu, mzee akamng'ata kidole.

Mchana huohuo wanawake wawili walimpeleka kwa daktari wa meno, mzee katikati. Gego likang'olewa. Daktari akawaeleza kuwa mgonjwa wa aina hii huenda asiweze kusema jino linauma. Anachojua ni mkono unaokuja na maumivu, basi humchukia mwenye mkono. Njiani binti akambebea wifi yake mkoba.

Uvimbe uliposhuka, wifi alimfundisha binti kukaa mbele ya mzee na kupiga mswaki wake mwenyewe kwanza, taratibu, ili aige. Mzee akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Wewe ni nani?"

"Ni mwanao, baba."

"Tutaona," akasema, akaupokea mswaki.