Wenyewe Wamesema

Tangazo lilibandikwa kando ya mlango wa lifti, mahali ambapo kila mtu angeliona, maana lifti ilikuwa mbovu na wakazi walikuwa na mazoea ya kusimama pale kidogo kuilaani kabla ya kuanza kupanda ngazi. Lilisema kwamba kuanzia mwezi ujao ni marufuku kuanika nguo juu ya paa, kwa kuwa nguo hizo zinaharibu sura ya jengo. Mwenye maoni ayalete kwenye mkutano wa Jumamosi. Chini kulikuwa na saini ya mwenyekiti wa wakazi.

Bibi alilisoma, akarudia tena polepole, kwa sababu lugha ya matangazo ilikuwa haijamwingia vizuri hata baada ya miaka yote aliyokaa katika nchi ile. Kisha akashusha pumzi, akakumbatia kapu lake la vibanio, akarudi dukani.

Duka lenyewe lilikuwa chini ya jengo hilohilo. Lilikuwa duka la dobi: mashine mbili za kufulia zilizotetemeka kama zina homa, meza ndefu ya kupigia pasi, na reli ya kutundika nguo zilizokwisha kunyooshwa, kila moja na karatasi yake ya namba. Alikuwa amelianzisha na marehemu mumewe walipohamia pale wakiwa na mtoto wa kubeba mgongoni na masanduku ya nguo, basi. Mtoto yule sasa alikuwa fundi umeme mwenye kipara, na yeye pia alikuwa na binti mkubwa. Nguo za wateja na nguo za nyumbani, zote zilikaukia juu ya paa. Jua la kule halikuwa na mpinzani: lilikausha shuka kabla hujamaliza kubana ya pili.

"Itabidi tutafute namna nyingine," Bibi alisema jioni, wakila. "Wenyewe wamesema."

Mwanawe aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa yaishe. Akipandishiwa bei alilipa, akikanyagwa aliomba radhi. "Naweza kufunga kamba nyuma ya mashine, mama," akasema. "Tutaweka na feni."

Mjukuu akaweka kijiko chini. Huyu walimwita Wakili, jina alilopewa na babu yake tangu utotoni kwa sababu hakukuwa na adhabu aliyoikubali bila kukata rufaa. Sasa alikuwa akipokea wagonjwa katika kliniki ya meno, na wagonjwa walimwogopa kuliko koleo la daktari.

"Wenyewe nani?" akauliza.

"Wenyewe. Wenye nchi."

"Bibi, mwenyekiti si mwenye nchi. Ni mstaafu wa posta anayeishi ghorofa ya tano."

"Amezaliwa hapa."

"Na mimi nimezaliwa wapi, mwezini?"

"Umezaliwa hapa, mke mwenzangu, lakini wewe ni wetu."

"Hao 'sisi' ni nani? Mimi nchi yenu nimeiona kwenye picha tu! Hapa ndiyo kwetu, na paa ni letu kama lilivyo la wengine. Tunalipa pango kama wao."

"Wewe mtoto, mgeni hana sauti katika nyumba ya watu."

"Mgeni mpaka lini? Si ninyi wenyewe mnaosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Wewe jembe umelishika mpaka mpini umelika."

Bibi alitamani kucheka. Alikuwa amekata tamaa siku nyingi kwamba binti huyu, aliyehesabu na kuota ndoto kwa lugha ya shule, angewahi kuweka methali mahali pake. Lakini akajikaza, maana ukimchekea Wakili umekwisha.

"Jembe kweli nilipewa," akajibu. "Shamba ndilo sikupewa."

Wakili akaivuta sahani yake karibu. Akachukua kijiko chake, akala kwa hasira.

Ugomvi huo haukuwa mgeni mezani pale. Walipowasili, marehemu mumewe alimwambia Bibi: tukae kwa adabu, tusisikike. Naye akakaa hivyo. Mteja alipoleta koti lenye doa kisha akadai doa limetokea dukani, Bibi alitabasamu akalifua upya. Mtu alipompita kwenye foleni, aliangalia dari. Yeye aliita hali hiyo ustaarabu, mjukuu wake aliiita woga, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Siku Wakili alipomwambia muuza nyama, mbele ya wateja wote, atoe kidole chake kwenye mzani, Bibi aliomba ardhi ipasuke immeze. Ardhi ikagoma. Nyama, hata hivyo, siku hiyo ilikuwa nyingi kuliko kawaida, na Bibi aliila bila kutoa maoni.

Katikati ya wiki aliingia dukani Mama Pacha wa ghorofa ya tatu, mtoto mmoja kifuani, mwingine mgongoni. Huyu alikuwa mzaliwa wa nchi ile, yeye na wazazi wake na wazazi wa wazazi wake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakaanza kumtoka.

"Nepi za watoto hawa nitazianika wapi, Bibi? Kwangu hata dirisha la maana sina."

"Si useme mkutanoni?" Bibi akamwambia. "Wewe ni mwenyeji, watakusikiliza."

Mama Pacha akamkodolea macho. "Mwenyeji mimi? Mimi nimehamia juzi tu, hata majirani siwajui. Mwenyeji wa hapa si wewe? Nilitegemea utatusemea."

Akapanda zake ngazi, akimwacha Bibi ameshika pasi hewani. Siku ile aliunguza foronya ya watu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ajue kushika pasi.

Jumamosi mchana kila mtu alishuka na kiti chake, wakajaa ukumbini karibu na mlango mkubwa. Mwenyekiti alisimama mbele. Alikuwa mzee nadhifu, mpole wa sauti, amevaa shati la mistari ambalo Bibi alikuwa amelinyoosha juzi yake. Akaeleza habari ya sura ya jengo, akaeleza jinsi majengo ya jirani yanavyopendeza, akauliza kama kuna mwenye neno.

Wakili akawa wa kwanza kuinuka. Alizungumza vizuri, lakini alizungumza kwa moto. Akataja haki, akataja ubaguzi dhidi ya wasio na mashine za kukaushia, akauliza ni nani hasa aliyeulizwa kabla ya tangazo kubandikwa. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana breki. Mwingine akamtaka mzee huyo anyamaze.

Mwenyekiti akainua mkono, akatabasamu. "Binti yangu, punguza jazba. Mbona mwalimu unaye nyumbani? Bibi yako yuko nasi miaka yote hii, na hata siku moja hajalalamika. Ni mgeni mwema kabisa. Laiti wageni wetu wote wangekuwa kama yeye! Hebu tumpigie makofi."

Wakampigia makofi. Walipiga kwa moyo mweupe, wengine wakigeuka kumtazama na kumchekea.

Sifa ile ndiyo Bibi aliyoifanyia kazi maisha yake yote. Ndiyo aliyoahidiwa na marehemu mumewe kwamba itakuja wakikaa vizuri. Imekuja sasa, mbele ya watu, na imemkaa kooni kama mfupa wa samaki. Akamtazama mjukuu wake. Wakili alikuwa amesimama bado, lakini kichwa amekiinamisha na mdomo ameufunga. Bibi hakuwahi kumwona mtoto yule amenyamazishwa, na aliyetumika kumnyamazisha alikuwa yeye.

Akajikuta amesimama.

Alitaka kuanza kwa unyenyekevu, aseme kwamba hajazoea kusema mbele ya watu. Lakini lugha ya wenyewe, ambayo hata siku za kawaida ilimpiga chenga, ikamponyoka kabisa. "Samahani," akasema, "mimi sijazoea kusemewa."

 Wakili akainua kichwa. Bibi akatambua kuwa amekosea neno, akatambua pia kwamba kosa lile limesema kweli kuliko alilokusudia, akaliacha kama lilivyo.

"Mwenyekiti, nakuheshimu," akaendelea. "Lakini huyo mgeni mnayempigia makofi ni nani? Ni mgeni gani anayejua kola yako huchakaa upande gani? Ninyi nyote mashuka yenu yamepita mikononi mwangu. Mlipooa niliwafulia, mlipofiwa niliwafulia, mlipozaa ndiyo usiseme! Mimi si mgeni. Mimi ni jirani, na jirani hulalamika. Haya, leo nalalamika. Kamba zile zinatufaa, mimi na huyu mama wa pacha na wengine wanaoona haya kusema. Nguo safi haijawahi kuharibu sura ya mahali. Kama ni sura, kwanza tengenezeni lifti!"

Pakachafuka. Vicheko vilianzia nyuma vikaja mbele, kisha kila mwenye goti bovu akataka kuzungumzia lifti. Mama Pacha alisimama akapiga kelele kwamba amepanda ngazi zile na mimba ya watoto wawili, na wakati huo mwenyekiti alikuwa wapi? Mwenyekiti alijipangusa uso kwa leso, naye pia, ikumbukwe, alikuwa mtu wa ghorofa ya tano.

Palipotulia kidogo, mwana wa Bibi akanyoosha mkono. Mama yake alidhani anataka kwenda msalani.

"Kamba zinaweza kuhamia upande wa nyuma," akasema, akitazama viatu vyake. "Kule hazionekani barabarani, na jua ni lilelile. Nitazihamisha mwenyewe. Lifti si kazi yangu, lakini namjua fundi wake."

Wakapiga kura kwa mikono, mikono ikawa mingi. Mtu akauliza ni nani atakayesimamia mambo ya paa ili watu wasigombanie nafasi. Hakuna aliyepoteza muda kufikiri. Vidole vyote vilimwelekea Bibi.

Kwenye ngazi Bibi alimshika Wakili mkono.

"Nimegomba vibaya?" akauliza.

"Umegomba vizuri mno, Bibi. Sarufi tu ndiyo umeivunjavunja."

"Ya kwao hiyo, wataiunga."

Wakili akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ngazi.

Lakini Jumatatu hawakusikilizana tena. Bibi alikuwa ametundika mashati ya mwenyekiti kwenye hanga, yamepigwa wanga, anajiandaa kuyapeleka juu.

"Unampelekea mpaka mlangoni?" Wakili aling'aka. "Baada ya yale? Aje achukue mwenyewe!"

"Ana mafua, nimemsikia akikohoa. Na yale yalikuwa Jumamosi."

"Bibi, huwezi kupigania haki yako leo, kesho ukarudi kuwa mtumwa."

"Mtumwa ni nani? Nimegombana naye kama jirani, na jirani akiumwa unamtazama. Ukigombana na mtu halafu ukamwacha hapohapo, umepata adui bure. Shika haya mawili, usiyakunje."

Wakapanda, Wakili akinung'unika kila ghorofa. Mwenyekiti alifungua mlango akiwa na shali shingoni, akaona haya. "Bibi," akaanza, "nilipokuita mgeni sikuwa na nia mbaya."

"Najua. Ungekuwa na nia mbaya ningekuunguzia kola."

Mzee alicheka, akapaliwa na kikohozi, akawakaribisha ndani. Wakanywa chai. Bibi alimweleza kwamba shuka zitaanikwa ukingoni na nguo ndogo katikati. Mwenyekiti akasema hapana, shuka zitazuia upepo. Wakabishana hadi birika likapoa, na hakuna aliyepandisha sauti wala aliyekubali kushindwa. Wakili alikaa na kikombe chake akiwatazama kwa zamu. Kugomba alikujua tangu tumboni. Huku kurudi kukaa na uliyegombana naye alikuwa hajafundishwa, na alitazama kwa makini kama anayejifunza kufunga tai.

Tangu hapo Bibi aliota pembe kidogo. Aliwafokea waliopandisha nguo bila kuzikamua, aliwafokea walioacha kuanua hadi giza likaingia, na siku moja alimfokea hata muuza nyama. Mwanawe alisema mama amezidi. Wakili alisema yeye kama wakili wa familia haoni kosa.

Jumapili moja, wakati Bibi anakunja mashuka na mjukuu wake, kila mmoja kashika ncha zake, dada yake alipiga simu kutoka kule walikozaliwa. Wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana kuhusu miguu na macho. Kisha dada akauliza swali lake la kila mara: "Sasa mnarudi lini?"

Kwa kawaida Bibi alijibu kwamba ni mwakani, Mungu akipenda. Safari hii akasita, shuka mkononi.

"Nitakuja kutembea," akasema.

"Kutembea!" dada akamaka, hata Wakili akamsikia. "Mtu hutembea kwao?"

"Kwetu ni kwetu, dada. Nitakuja nikae mwezi mzima, mpaka mnichoke. Lakini siwezi kukaa sana. Nina paa la watu huku."

"Paa? Umekuwa fundi wa mabati?"

Bibi akaanza kumweleza. Dada hakukubali hata neno moja, akamwambia amepotoka, amesahau alikotoka, atazikwa na watu asiowajua. Bibi akamjibu kwamba anawajua mpaka soksi zao. Wakagombana kwa raha kabisa, kama walivyogombana walipokuwa wasichana wakilala kitanda kimoja, huku Wakili akimnong'oneza bibi yake hoja za kuongezea.