Salamu za Mjomba

Katika chuo kimoja cha wauguzi palikuwa na sanamu wa plastiki aliyeitwa Mjomba. Aliitwa hivyo kwa sababu alilala mchana kutwa, hakuchangia chochote, na kila aliyeingia chumbani alimhudumia. Shingo yake ilikuwa imelegea, ukimgeuza ubavu kichwa kinabaki kikitazama dari. Mguu wake wa kushoto uliazimwa kutoka kwa sanamu wa kike, ndiyo maana kucha za upande huo zilikuwa na rangi nyekundu. Wauguzi waliojifunzia kwake walikuwa wengi kiasi kwamba bandeji alizofungwa, ungeziunga zote, zingeuzunguka mji mzima na zikabaki za kupiga fundo.

Mjomba huyo ndiye aliyemwangusha mama mmoja mtihani. Mama hakumsamehe Mjomba, na aliyekuwa ameshika kalamu siku hiyo ndiye hakumsamehe kabisa.

Mama huyo alikuwa muuguzi wa vidonda tangu siku ambazo kazi hiyo haikuwa na jina. Miguu ya wenye kisukari, migongo ya waliolala muda mrefu, majeraha ya moto, yote yalikuwa yake, na kiburi chake kilikuwa kikubwa kuliko kabati la dawa. Kisha ukaja mtindo wa ubobezi. Haikutosha tena kuwa muuguzi, ilibidi uwe muuguzi wa kitu: wa figo, wa macho, wa saratani, wa vidonda. Kila kitu na mtihani wake, na aliyefaulu alipewa beji ya kijani ya kubana kifuani kwa pini. Asiye na beji haongozi kliniki.

Mama akasema haya, wacha waje. Akaenda kwenye mtihani kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake mwenyewe stendi.

Msimamizi alikuwa dada mmoja aliyefundishwa kushika koleo la kusafishia vidonda na mama huyohuyo, tena enzi hizo akimwita dada kila baada ya maneno mawili. Alikuwa ametangulia kwenda kozi, akarudi na beji na ugonjwa wa kusema "vigezo". Hata chai ya kantini aliionja akasema haijafikia vigezo. Kwa hiyo watu wakamwita Bi Vigezo.

Mama akanawa, akavaa glavu, akafungua seti ya vifaa vya kidonda. Akasafisha kidonda cha Mjomba, akakausha, akafunga bandeji iliyonyooka kama imepigwa pasi. Akajifuta jasho na kungoja pongezi. Bi Vigezo alikuwa bado anaandika. Bila kuinua kichwa akasema, "Mikono mizuri. Ila mgonjwa hukumwona."

"Mgonjwa yupi?"

Bi Vigezo akamwonyesha Mjomba kwa ncha ya kalamu. Hakusalimiwa, hakuambiwa anayemhudumia ni nani, hakuombwa ruhusa. Mama akauliza kama plastiki nayo ina ruhusa ya kutoa. Swali hilo nalo likaandikwa. Akaanguka.

Kuanguka angekuvumilia. Kicheko ndicho kilichomkaa kooni. Kabla hajafika getini habari zilikuwa zimemtangulia, na kesho yake wodi nzima ilikuwa ikimwita Mkaza Mjomba, yule mke asiyemwamkia mumewe. Wabeba machela walipomwona wanasalimia kiti, wanasalimia ndoo, wanauliza hali ya stendi ya dripu. Kliniki ya vidonda akapewa Bi Vigezo. Mkaza Mjomba akawa wa kumwandalia seti mpaka alipostaafu. Na siku ya kumuaga, alipoingia ukumbini na gauni lake jipya, akamkuta Mjomba amekalishwa kwenye kiti cha pembeni ya chake, ana ua mdomoni. Watu walicheka. Bi Vigezo alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba maji.

Mama naye alicheka. Meno yalicheka, huko nyuma ya meno palikuwa na mtu amekaa kimya, anamtazama Bi Vigezo anavyokunywa maji.

Baada ya mtihani wake yeye, wote walioufuata walisalimia. Bi Vigezo mwenyewe ndiye aliyewafundisha namna. Kwa kuwa sanamu hana ulimi, mtahiniwa alitakiwa aseme maneno yake, kisha aseme na ya sanamu, kwa sauti, ili msimamizi asikie. Unamwamkia, unajiitikia. Unamwomba ruhusa, unajiruhusu. Vyumba vya mtihani vikawa kama nyumba za watu wanaoongea peke yao, na wote wakifaulu.

Basi mambo ya ubobezi hayakai mahali pamoja. Mama akiwa mwaka wa pili nyumbani, ameshamwagilia maua mpaka yakaomba mapumziko, akakutana sokoni na mpishi wa zamani wa hospitali, naye mstaafu. Mpishi akamwambia mapya. Kwanza, beji sasa zinaisha muda kama maziwa. Kila mwenye nayo, awe bosi awe nani, anarudi kufanyiwa mtihani, na akianguka anaivua mpaka msimu mwingine. Pili, masanamu yametupwa stoo. Chuo kinatafuta watu hai wa kulala kitandani na kujifanya wagonjwa. Unabandikwa kidonda cha nta, unahudumiwa, na mwisho msahihishaji anakuuliza kama ungependa muuguzi huyo akuhudumie tena. Ukisema hapana, kaanguka. Mpishi alikuwa ameshajiandikisha, maana alipenda kulala.

Mama aliacha nyanya zake kwenye meza ya muuzaji, akaenda chuoni moja kwa moja.

Mumewe, fundi saa mstaafu, mtu wa maneno machache na macho ya kukaza, alijua kuna jambo alipomsikia mkewe anaimba jikoni. Akaambiwa. Jioni hiyo na zilizofuata mkewe alilala kwenye kochi akimfanyisha mazoezi: mzee awe Bi Vigezo, yeye awe mgonjwa mkorofi. Aligoma kunyoosha mguu. Alilia kabla ya kuguswa. Aliomba maji, akaomba mto, akaomba kuhamishiwa hospitali nyingine. Alikuwa na mikasa ya kutosha kumwangusha hata malaika mwenye beji. Mzee akaifunga bandeji akakosea, akalifunga bakuli la sukari, kisha akauliza siku atakapomwangusha huyo mwanamke kitafuata nini.

"Nitalala usingizi," mama akasema.

"Na mimi utanisalimia asubuhi? Maana tangu uanze hii vita yako, mimi ndiye Mjomba humu ndani."

Mama akamrushia mto. Lakini asubuhi alimwamkia, tena mara mbili, moja ya deni.

Siku ya mtihani wagonjwa wa kujifanya waligawiwa vyumba kwa bahati nasibu. Bi Vigezo akapangiwa chumba cha mpishi. Mama akamshika mpishi mkono, akamwambia chumba alichopewa yeye ndicho chenye godoro jipya, na kiko upande usio na jua. Mpishi hakungoja sentensi iishe, wakabadilishana vyumba.

Wakambandika kidonda cha nta juu ya kifundo cha mguu, kimepakwa wekundu na manjano, kibaya mpaka mwenyewe akakionea huruma. Akaambiwa yeye ni mama mwenye kisukari, ana maumivu, ana akili zake timamu. Pembeni alikaa msahihishaji, bwana mwembamba mwenye suti ya kijivu aliyetoka chuo kingine na hamjui yeyote. Mama alikuwa amekuja na mtandio mpana wa kujifunika uso mpaka wakati wake ufike. Akajiweka sawa.

Mlango ukafunguka. Bi Vigezo akaingia, beji inang'aa, amenenepa kidogo, amezeeka vizuri. Mtandio haukuhitajika. Alipoingia macho yake yalikwenda mguuni na yakabaki mguuni, kama mguu umekuja hospitali peke yake. Akanawa. Akavaa glavu. Na huku anafungua seti, akaanza, haraka, kwa ile sauti ya kukariri:

"Shikamoo mama, marahaba, waendeleaje, naendelea vizuri, mimi ni muuguzi wako wa leo, nimekuja kusafisha kidonda chako, je, unaniruhusu, ndiyo nakuruhusu, asante sana mama kwa kukubali."

Koleo likateremka.

Mikasa yote ya kwenye kochi ikamtoka mama kichwani. Machozi, maji, mto, hospitali nyingine, vyote vikaanguka chini ya kitanda. Hakuhitaji hata kimoja. Alipokuwa anatafuta kwa miaka mahali pa kuchoma mkuki, mwenzake alikuwa amekuja nao mwenyewe, ameuelekeza kifuani kwake, anaomba tu usukumwe.

"Sijakubali," mama akasema.

Koleo likasimama hewani. Bi Vigezo akainua macho, taratibu, kutoka mguuni kwenda gotini, gotini kwenda kifuani, mpaka usoni. Akamwona. Rangi ikamtoka usoni kama maji kwenye sinki.

"Dada," akasema kwa pumzi.

Lakini mama hakuwa dada wa mtu; alikuwa mama mwenye kisukari, ana akili zake timamu. Hapo bado palikuwa na njia. Angeweka koleo chini, akaomba upya, yangekuwa yameisha, na mama angelazimika kurudi kwenye mto na machozi. Lakini Bi Vigezo akamgeukia bwana wa suti, akasema, "Huyu si mgonjwa. Huyu ni..." Alikuwa amechelewa. Katika mtihani wa watu hai hilo la kusema si mgonjwa ndilo neno pekee lisilosemwa. Kalamu ya bwana wa suti ikaanza kukimbia.

Baadaye aliomba ruhusa, kwa sauti iliyopasuka, na mama akampa, kwa upole wa kutisha. Akafanya kazi. Na ilikuwa kazi nzuri. Mama aliisikia kwenye ngozi yake: ule wepesi, kile kidole gumba kinachotangulia kupima mkazo wa bandeji. Kidole hicho alikifundisha yeye. Kwa kitambo alijisikia kama mwalimu anayesomewa somo lake, na kitu laini kikamgonga kifuani, kikauliza kama haitoshi. Mama akakisikiliza. Kisha akamkumbuka Mjomba kwenye kiti cha ukumbini, na ua mdomoni, na yule aliyeomba maji kwa kucheka. Kile kitu laini kikaondoka chenyewe, hakikuhitaji kusindikizwa.

Bi Vigezo alipotoka, bwana wa suti akasogeza kiti, akamuuliza kama angependa muuguzi huyo amhudumie tena.

Jibu alikuwa nalo miaka mingi. Lilikuwa limelainika kwa kutafunwa, kama gome la dawa.

"Mikono mizuri," akasema. "Ila mgonjwa hakumwona."

Bwana akaliandika neno kwa neno. Akasema ni jibu zuri, fupi, na kwamba wangeweza kulitumia kufundishia. Mama akamwambia linajulikana.

Alipobanduliwa nta na kuvaa viatu vyake, alimkuta Bi Vigezo kwenye korido, amekaa benchi la wagonjwa. Kifuani palikuwa na matundu mawili madogo pale beji ilipokuwa. Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ndani alionekana Mjomba, amesimamishwa kwenye kona, kichwa kimelalia bega, kucha zake nyekundu.

"Umekuja makusudi," Bi Vigezo akamwambia.

Mama akakiri bila haya kwamba alikuja makusudi, tena na mikasa mingi, mingine ya aibu, na mzee nyumbani ni shahidi. "Lakini sikuitumia hata mmoja," akasema. "Hili ulikuja nalo mwenyewe."

Bi Vigezo akatazama mikono yake. Akasema atarudia msimu ujao. Akasema atajifunza kungoja jibu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza kuhusu mvua, kama wagonjwa wa msimu ujao wameshapatikana.

"Mimi nimeshajiandikisha," mama akasema. "Mpaka nife."

Akaenda stoo, akamnyoosha Mjomba kichwa kikae sawa.

"Hujambo, Mjomba," akasema, akangoja kidogo kwa adabu zake zote, halafu akafunga mlango na kwenda zake nyumbani kulala.